Kimeng'enya katika Mkojo na Kansa ya Kibofu: Kipimo Kinasema Nini, na Hakisemi Nini



Katika mkutano wa tawi letu hapa Mbarara, mwenzetu mmoja wa kiwanda cha ngozi alisimama akasema amesikia kwamba siku hizi kansa ya kibofu cha mkojo hupimwa kwa mkojo tu. Unakojoa katika kichupa, watu wa maabara wanatazama kitu kiitwacho kimeng'enya, na papo hapo wanajua ugonjwa umefika wapi. Akataka kujua kwa nini chama hakiwadai waajiri walete kipimo hicho, ili watu waache kwenda hospitali kuingizwa bomba katika njia ya mkojo. Watu walicheka kidogo kwa sababu ya hilo bomba, lakini swali lilikuwa la maana na mimi sikuwa na jibu. Elimu yangu ni ya shule ya msingi. Basi nilikwenda kwa wenye kujua, mtu wa maabara na daktari, nikawauliza mara tatu tatu mpaka nikaelewa, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kipimo hicho si uongo. Kipo, na wataalamu wamekuwa wakikifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 60. Lakini hakiwezi kuchukua nafasi ya lile bomba, na mtu akikitegemea peke yake anaweza kupotea. Nitaeleza kwa nini. Kwanza, hata hivyo, nitataja habari ya mzee mmoja wa Nakivale, maana ni kwa ajili ya watu kama yeye ndiyo maana naandika.

Mzee huyu alifanya kazi katika kiwanda cha kutia rangi vitambaa katika mji mmoja wa Kongo ya mashariki, tangu mwaka 1984 mpaka vita vya 1996. Kazi yake ilikuwa kuchota rangi ya unga kutoka katika mapipa na kuichanganya na maji moto. Glavu hakuna, kitambaa cha pua ni kile alichokuja nacho kutoka nyumbani. Kiwanda kilifungwa, vita vikamtupa huku na huko, na mwaka 2012 akaingia Uganda akapewa kiwanja Nakivale. Huko analima mahindi na maharage. Mwaka 2021 aliona damu katika mkojo. Haikuuma. Baada ya siku mbili ikakoma yenyewe. Ikarudi baada ya majuma kadhaa, akaenda duka moja la dawa akapewa vidonge vya kuua vijidudu, damu ikakoma, akasema dawa imefaa. Ikarudi tena. Alinunua vidonge vile vile mara tatu, na mwaka mzima ukapita.

Nilipomwuliza, "Mzee, hao waliokupa dawa walikuuliza ulifanya kazi gani zamani?" alinitazama kama nimeuliza jambo la ajabu.

"Hapana, mwanangu. Waliuliza kama ninaenda kwa wanawake."

Sasa turudi kwenye kimeng'enya.

KIMENG'ENYA NI KITU GANI

Chukua tonge la ugali mkavu au kipande cha muhogo uliochemshwa, ukitafune polepole bila kumeza. Baada ya muda utasikia utamu mdomoni. Hukutia sukari. Ndani ya mate mna kitu kinachokata wanga na kuufanya sukari, na kitu hicho ni kimeng'enya. Mwili wa mtu una vimeng'enya vya aina maelfu, kila aina ina kazi yake, na haviliwi na kazi hiyo: kikimaliza kukata hiki hushika kile. Vingi vinakaa ndani ya seli, yaani vile vyumba vidogo sana ambavyo mwili umejengwa navyo. Seli ikiumia au ikifa, vimeng'enya vyake humwagika nje.

Kibofu kina ngozi ya ndani inayooshwa na mkojo mchana na usiku. Kwa hiyo lolote linalomwagika kutoka katika ngozi hiyo huingia katika mkojo. Seli za kansa huzaliana kwa haraka, hufa kwa wingi, na baadhi yake hutengeneza vimeng'enya kupita kiasi. Hapo ndipo wataalamu walipowaza kwamba mkojo unaweza kutoa habari za kibofu bila mtu kukatwa wala kuchunguliwa.

Tena wengi wetu tumekwisha kupimwa kimeng'enya bila kujua. Kile kijiti chenye viraka vya rangi wanachochovya katika mkojo wako kwenye kituo cha afya, kimojawapo cha viraka vyake kinatafuta kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu. Kikigeuka zambarau, maana yake chembe nyeupe zimekusanyika, na mara nyingi hiyo ni dalili ya vijidudu katika njia ya mkojo. Kiraka kingine kinatafuta damu, hata ile ambayo jicho haliioni. Kijiti hicho hakigundui kansa. Lakini kiraka cha damu kimewaokoa watu wengi, pale ambapo aliyekisoma hakukitupa tu kwenye ndoo.

Katika maabara kubwa hawahesabu vimeng'enya vyenyewe, wanapima kazi vinayofanya. Mfanyakazi wa shamba la chai atalielewa jambo hili upesi. Karani hakulipi kwa sababu jina lako limo katika daftari la mahudhurio. Anakulipa kwa kilo zilizoko kwenye mizani. Vivyo hivyo, mtu wa maabara huchukua mkojo, akaupa kitu ambacho kimeng'enya fulani hukikata, na kitu hicho kikikatwa hutoa rangi. Anaweka joto moja, anatazama saa, kisha anapima ukali wa rangi kwa mashine. Kwa kimeng'enya kimoja, rangi inayotokea ni ya waridi. Ikikolea, kazi iliyofanyika ni nyingi. Ikififia, kazi ni ndogo.

HABARI ILIANZA KATIKA VIWANDA VYA RANGI

Si bahati tu kwamba habari hii inatuhusu sisi wafanyakazi. Mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Ujerumani, Ludwig Rehn, alitangaza kwamba amekuta kansa ya kibofu kwa wafanyakazi 3 kati ya 45 waliotengeneza rangi nyekundu iitwayo fuksini. Kwa ugonjwa usioonekana mara nyingi, hiyo ni hesabu ya kutisha. Ilichukua miaka mingi kujua ni sumu zipi hasa. Kubwa kati yake ni beta-naftilamini na benzidini, ambazo zilitumika kutengeneza rangi, na beta-naftilamini ilikuwamo pia katika dawa iliyotiwa kwenye mpira usioze haraka. Mwaka 1954 Robert Case na wenzake huko Uingereza walionyesha kwa hesabu za vifo vya wafanyakazi kwamba jambo hilo halina shaka tena.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, mtaalamu Eric Boyland na wenzake mjini London walianza kupima kimeng'enya kimoja katika mkojo, kiitwacho beta-glukuronidesi. Sababu yao ilikuwa hii. Ini likikuta sumu katika damu, huifunga pamoja na kitu cha jamii ya sukari ili iyeyuke katika maji na kutoka kwa mkojo. Beta-glukuronidesi hufungua kifungo hicho. Boyland aliwaza kwamba kama kimeng'enya hiki ni kingi katika mkojo, basi sumu ambayo ini limekwisha kuifunga huenda inafunguliwa tena ndani ya kibofu, na huko inakaa ikigusa ngozi kwa saa nyingi. Walipopima, walikuta kazi ya kimeng'enya hiki imepanda katika mkojo wa wagonjwa wa kansa ya kibofu.

Baadaye wengine walipima vingine. Mwaka 1962 huko Marekani, Warren Wacker na mwenzake walitangaza kipimo cha laktati dehidrojenesi, kimeng'enya kilichomo karibu katika kila seli, wakitumaini kitawafichua wenye kansa ya figo na kibofu. Baada ya hapo ikaja telomeresi, inayozifanya seli za kansa zisizeeke. Ikaja pia hialuronidesi, na hii ndiyo inayokaribia zaidi swali la mwenzetu. Kati ya seli na seli mna kitu kama gundi kinachozishikilia. Hialuronidesi huikata gundi hiyo. Vinata Lokeshwar na wenzake huko Miami walikuta kwamba kimeng'enya hiki kimepanda katika mkojo wa watu wenye uvimbe mkali, ule wenye tabia ya kuchimba kuelekea ndani, kuliko katika mkojo wa wenye uvimbe mpole.

Kwa hiyo mwenzetu hakudanganywa. Mkojo wa mtu mwenye kansa ya kibofu unaweza kusema kitu kuhusu ukali wa ugonjwa wake. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake umekwisha kujulikana, na uvimbe umekwisha kuondolewa, inawezekana kupima mara kwa mara na kuona mstari wake. Ukishuka baada ya matibabu na kukaa chini, ni habari njema. Ukianza kupanda tena, ni sababu ya kumwita mapema. Kinachofuatwa ni mtu yule yule dhidi ya nafsi yake, na halinganishwi na jirani yake.

LAKINI SHAHIDI HUYU HUSEMA MENGI

Taabu ni kwamba kimeng'enya hakijui kwa nini kimemwagika.

Vijidudu vya kawaida vya njia ya mkojo huumiza ngozi ya kibofu, na vimeng'enya hupanda. Tena baadhi ya vijidudu vinavyosababisha ugonjwa huo vina beta-glukuronidesi yao wenyewe. Ukiipima, unapima kazi ya vijidudu ukidhani ni kazi ya kansa. Mawe katika kibofu hufanya hivyo hivyo. Damu nayo: chembe nyekundu za damu zimejaa laktati dehidrojenesi, kwa hiyo mkojo wenye damu, iwe ya kansa, ya jiwe au ya mwanamke aliye katika siku zake, utaonyesha kipimo kikubwa.

Kichocho cha mkojo ndicho kigumu zaidi, maana kinaleta mambo mawili kwa pamoja. Minyoo yake hutaga mayai katika ukuta wa kibofu, ukuta unavimba na kutoa damu, vimeng'enya vinapanda, na P. J. Fripp alilionyesha hilo kwa beta-glukuronidesi kusini mwa Afrika katika miaka ya 1960. Na wakati huo huo, kichocho kikikaa miaka mingi bila dawa, chenyewe huleta kansa ya kibofu. Daktari A. R. Ferguson aliliona jambo hilo Misri tangu mwaka 1911. Hapa kwetu Ankole kichocho cha mkojo si ugonjwa wa nyumbani. Katika Uganda kinajulikana upande wa Lango, kaskazini ya ziwa Kyoga. Lakini Nakivale si kijiji cha watu wa mahali pamoja. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958 kwa wakimbizi wa Rwanda, na leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Mtu aliyekulia kando ya mto Juba au Shabelle huko Somalia, au pwani ya Kenya na Tanzania, au Unguja na Pemba, huenda alioga maji yenye kichocho utoto wake wote. Mtu wa namna hiyo aseme alikotoka. Mkojo wa kutafutia mayai hutolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana hapo ndipo mayai yanapotoka kwa wingi. Dawa yake ni prazikwanteli. Na kama damu inaendelea baada ya dawa hiyo, asipewe dawa ile ile tena na tena bila kutazamwa.

Yako na mambo ya maji na jua, ambayo nadhani sisi tunayajua kuliko waliobuni kipimo. Mchumaji wa chai aliyefanya kazi tangu alfajiri bila kunywa maji atakuwa na mkojo mzito, na kila kilichomo kitaonekana kingi. Aliyekunywa lita mbili atakuwa na mkojo kama maji na kipimo kitaonekana kidogo. Ndiyo maana maabara nzuri hupima pia kitu kiitwacho kreatinini, ambacho mwili hukitoa kwa kiasi kisichobadilika sana kila siku, kisha wanagawanya kimoja kwa kingine. Bila hivyo nambari peke yake haina thamani.

Na kutoka Nakivale mpaka Mbarara ni kilomita 50 na zaidi. Kichupa cha mkojo kikikaa saa nne ndani ya teksi, juani, bila barafu, vijidudu vichache vilivyokuwamo huzaliana mpaka vinakuwa jeshi. Vingine hugeuza mkojo ukanuka kama choo cha stendi. Baadhi ya vimeng'enya huongezeka kwa sababu ya vijidudu hivyo, na vingine, kama telomeresi, huharibika katika mkojo kabla havijafika mezani. Mtu wa maabara aliniambia kwamba kichupa kilichochelewa ni afadhali kitupwe kuliko kipimwe, maana jibu lake litaaminiwa.

Kwa sababu hizo zote, mpaka leo hakuna kipimo cha kimeng'enya kilichokubaliwa kuchukua nafasi ya kutazama ndani ya kibofu. Katika nchi tajiri vinauzwa vipimo vingine vya mkojo, vya protini na vya chembe za urithi, na huko nako madaktari hawajaliacha bomba.

KWA NINI BOMBA

Lile bomba lililowachekesha watu ni jembamba, lina taa na kioo, na hupitishwa katika njia ya mkojo baada ya kutiwa dawa ya ganzi. Nimezungumza na waliopitia. Wanasema linaudhi na linatia haya, na siku moja au mbili baadaye kukojoa kunachoma. Hakuna aliyesema ni jambo la kukimbiwa.

Daktari anachotafuta ni kina. Kansa ya kibofu huanza juu ya ngozi ya ndani, mara nyingi kama kichaka kidogo cha nyasi za baharini. Chini ya ngozi hiyo iko nyama ya kibofu. Ugonjwa ukiwa bado juu, hukatwa kwa kifaa kinachopita katika njia ile ile bila kupasua tumbo, na mtu hubaki na kibofu chake. Ukishaingia katika nyama, shauri ni jingine: kuondoa kibofu chote, au mionzi, au dawa kali, na uhai wenyewe uko mashakani. Katika nchi ambazo watu hufika hospitali mapema, kama watatu katika kila wagonjwa wanne hugunduliwa ugonjwa ukiwa bado haujaingia katika nyama. Hiyo robo tatu ndiyo tunayoigombania.

Kipimo cha kimeng'enya kinaweza kudokeza kwamba ugonjwa ni mkali. Hakiwezi kusema uko upande gani wa kibofu, wala umechimba kiasi gani, wala hakiwezi kuukata. Kipande lazima kitolewe na kutazamwa kwa darubini.

Ugonjwa huu pia una tabia ya kurudi. Ndiyo sababu aliyetibiwa hutazamwa tena, mara ya kwanza baada ya miezi 3, kisha kwa vipindi kwa miaka. Hapo ndipo wataalamu wanatumaini vimeng'enya vitasaidia siku moja, kupunguza idadi ya safari za bomba kwa wale ambao mstari wao umetulia. Ni tumaini la haki. Kwa baadhi ya wagonjwa, kibofu hutiwa chanjo ya kifua kikuu, ile ile wanayochomwa watoto begani, ili kuamsha kinga ya mwili mahali pale. Alvaro Morales wa Kanada alitangaza jambo hilo mwaka 1976, na bado linatumika.

DAMU ISIYOUMA

Nimeeleza vimeng'enya kwa urefu kwa sababu niliulizwa. Lakini dalili ambayo mfanyakazi anaweza kuiona mwenyewe, bila maabara, ni damu katika mkojo, hasa ile isiyouma. Huja, hukoma, hurudi. Kukoma kwake ndiko kunakodanganya, maana mtu akimeza kidonge chochote katika siku zile, kidonge hupata sifa. Mwanamke naye huambiwa ni siku zake au ni mambo ya uzazi. Mwenye kuona damu aende kituo cha afya, apimwe vijidudu, apewe dawa ikiwa vimo, kisha arudi kupimwa kijiti tena baada ya kumaliza dawa. Damu ikiwa bado ipo, au ikirudi, aombe barua ya rufaa. Kwa upande wetu hospitali ya rufaa iko Mbarara, na matibabu makubwa ya kansa yako Kampala, katika taasisi ya kansa iliyoko Mulago tangu mwaka 1967.

Na aseme kazi aliyoifanya, hata kama ni ya miaka 20 au 30 iliyopita, maana ugonjwa huu hukaa kimya muda mrefu kama huo kati ya sumu na damu. Aliyetengeneza au kuchanganya rangi za vitambaa, ngozi na karatasi. Aliyefanya kazi katika kiwanda cha mpira. Mpaka rangi wa nyumba na magari. Huko Kyoto, Japani, kansa hii ilionekana kwa mafundi wa kupaka rangi vitambaa vya kimono, ambao walikuwa na desturi ya kulamba ncha ya brashi ili ichongoke. Nimeona akina mama wakishika uzi wenye rangi kwa meno wanaposuka vikapu, na naomba waache, hata kama hatujui rangi ile imetengenezwa na nini. Hasa kwa sababu hatujui.

Sigara lazima niitaje, ingawa najua baadhi yenu mtakunja ukurasa hapa. Moshi wake una sumu za jamii ile ile ya rangi, nazo hutoka kwa njia ile ile ya mkojo. Katika nchi za viwanda karibu nusu ya kansa ya kibofu huhesabiwa kuwa ya tumbaku. Mwajiri ataitaja sigara yako siku utakapodai haki, kuweni na hakika.

Tena kuna jambo la Uganda hasa. Mwaka 1964 daktari O. G. Dodge, aliyefanya kazi Mulago, aliandika habari za wagonjwa wa Uganda waliopata uvimbe wa kibofu pamoja na kufungwa mkojo. Njia ya mkojo ikibana kwa makovu, mara nyingi ya kisonono cha zamani, mkojo hulala ndani na kuichosha ngozi ya kibofu miaka nenda miaka rudi. Mwanamume anayesukuma kwa nguvu ili akojoe asikae na siri hiyo.

KARATASI YA KAZI

Huko Uingereza wafanyakazi wawili wa mpira waliopata kansa ya kibofu waliwashtaki mwajiri wao na mtengenezaji wa ile dawa ya mpira, na mwaka 1972 mahakama ya rufaa ikawathibitishia ushindi. Mtengenezaji alikuwa ameendelea kuuza kitu alichopaswa kujua kuwa ni cha hatari. Mwajiri naye alikuwa amechelewa kuwaeleza watu na kuwapima. Walishinda kwa sababu iliwezekana kuonyesha nani alishika nini, mwaka gani.

Mzee wetu wa Nakivale hawezi kuonyesha chochote. Kiwanda kimekufa, daftari la mishahara limeungua, na kitambulisho cha kazi alikiacha njiani. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na wengi wa Nakivale wamo leo katika mashamba na viwanda vya Mbarara na Isingiro, wakihama kutoka kibarua hiki hadi kile. Miaka 20 ijayo watakuwa na mkono mtupu kama wake, na wenyeji tulioajiriwa kwa siku hatutakuwa na zaidi.

Mkataba nambari 139 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1974, unahusu kansa za kazini. Unataka wafanyakazi waelezwe hatari, kumbukumbu ziwekwe, na watu wapimwe wakiwa kazini na hata baada ya kuacha kazi. Kwa hiyo tawi limeamua hivi kuhusu swali la mwenzetu. Hatutadai mashine ya vimeng'enya. Tutadai majina ya dawa na rangi zote zilizomo ghalani, yaandikwe na kubandikwa ukutani kwa lugha tunayosoma. Tutadai kijiti cha mkojo mara moja kwa mwaka kwa wanaoshika rangi na dawa za ngozi, na barua ya rufaa kwa atakayeonekana na damu. Na kila anayeacha kazi apewe karatasi inayotaja kazi yake, miaka yake, na vitu alivyovishika. Msimamizi mmoja amekwisha kuniambia kwamba karatasi hiyo itawatia watu hofu. Nilimjibu kwamba hofu tunayo tayari, karatasi ndiyo hatuna.

Mzee alipelekwa hospitali hatimaye, baada ya muuguzi mmoja kukitazama kijiti vizuri na kukataa kumpa vidonge vya nne. Alitazamwa kwa bomba, uvimbe ukaonekana, ukakatwa. Haukuwa umeingia katika nyama. Tangu hapo ametazamwa mara kadhaa. Mara moja kimeonekana kimea kidogo, kikachomwa siku ile ile.

Tulikaa naye chini ya mwembe wake tukaandika katika daftari la shule: jina la mji, miaka, rangi alizozikumbuka kwa jina la Kifaransa lililokuwa juu ya mapipa, nani alifanya kazi naye, tarehe ya kila damu, tarehe ya kila bomba na alichoambiwa. Amelitia ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya mgao. Mwenye kutaka kuandika lake kwa mfano huo amwone mwakilishi wake kazini, au aje ofisi ya tawi Jumamosi kabla ya saa 7 mchana. Aje na kalamu, zetu zimekwisha.